Bi Nyufa, Wifi Yake na Simu za Kabatini

Hakuzaliwa Bi Nyufa. Jina hilo alipewa kazini na vijana wanaoandika programu za simu, kwa sababu mbili ambazo hakuna aliyejisumbua kuzitenganisha: simu alizotumia kupimia kazi zao zilikuwa na vioo vilivyopasuka, na yeye mwenyewe kazi yake ilikuwa kutafuta palipopasuka. Ukimkabidhi programu uliyoihangaikia mwezi mzima, ataishika simu kwa vidole viwili kama mtu aliyeokota soksi isiyo yake, atabonyeza hapa, atageuza pale, kisha atasema, "Hii imekufa." Hakuwa na samahani wala pole kwa kazi. Kuwa sahihi alikupenda kuliko kupendwa, na kupendwa kwenyewe hakukukosa kwa bahati mbaya.

Kabati lake lilikuwa karibu na dirisha. Humo alikuwa na simu za kila namna: iliyozama kitufe cha sauti, inayopata moto kama pasi ukiitumia huku inachaji, inayokata mawasiliano ukiishika kwa mkono wa kushoto, na zile za bei nafuu ambazo ndizo watu wengi wa mjini walizokuwa nazo mifukoni. Asubuhi alizichaji kwanza, chai baadaye.

Mkuu wake wa kazi alikuwa wifi yake, dada mkubwa wa mumewe. Utani wa jambo hilo haukuisha pale ofisini. Mtandao ukisumbua, mmoja atauliza kwa upole, "Jamani, wifi leo ina matatizo?" Mwingine atajibu, "Muulize Bi Nyufa, yeye ndiye anayelijua nenosiri lake." Watacheka wote isipokuwa wawili.

Zamani walikuwa marafiki. Walikaa meza moja, walikwenda na mwavuli mmoja, na walimsengenya mkurugenzi mmoja. Ni huyo rafiki aliyemchukua Jumapili moja hadi kwao, na kaka yake mdogo, fundi wa lifti, akafungua mlango akiwa na grisi hadi kwenye viwiko. Miezi michache baadaye posa ikapelekwa. Rafiki akamwambia, "Nilikuleta kwetu kama mgeni. Sikukuleta uchague." Urafiki ukafia hapo. Kilichobaki ni uwifi, na uwifi kila mtu anaujua ulivyo. Bi Nyufa alikuwa mdogo kwake kwa umri, lakini shikamoo ilimtoka kwa pembe ya mdomo, na marahaba ilirudi imetupwa kama ganda la ndizi.

Kisha ofisi ikapata kazi ya zahanati. Zahanati hizo zilitaka programu ya kuwakumbusha wagonjwa wa presha na sukari kunywa dawa: saa ikifika simu inalia, mgonjwa anakunywa, anabonyeza kitufe kilichoandikwa *Nimekunywa*, na simu inanyamaza. Jambo dogo ukilisikia. Walipokaa kupanga namna ya kuipima, wifi mtu akasema safari hii watatumia simu bandia.

Simu bandia ni simu isiyokuwepo. Kompyuta inachora kioo chake na kuiga tabia zake, na mtu mmoja akikaa kwenye kiti anaweza kuwa na simu ndogo, kubwa, ya miaka iliyopita na ya jana, zote zimejipanga mbele yake kama watoto mstarini.

"Wewe unapima ulichonacho kabatini," wifi akamwambia mbele ya watu. "Mimi napima kilichoko duniani."

"Unapima picha," Bi Nyufa akajibu. "Simu yako haijawahi kuanguka, haijaishiwa chaji, haijashikwa na mkono wenye jasho. Hiyo ni simu ya peponi. Wagonjwa wako hapa chini."

Mkurugenzi, mtu aliyeogopa kelele kuliko hasara, alitazama huku na huku akaona aliye karibu kukasirika zaidi ni Bi Nyufa. Akampa yeye ushindi. Toleo la kwanza likapimwa kwa simu za kabatini peke yake, likapita, likaenda kwa wagonjwa.

Halikukaa hata wiki mbili. Wagonjwa wengi walikuwa watu wazima waliokwisha kukuza maandishi ya simu zao ili wasome bila miwani. Maandishi yakikua, kitufe cha *Nimekunywa* kilisukumwa chini mpaka kikatoka nje ya kioo. Mgonjwa anakunywa dawa, hana pa kubonyeza, simu inaendelea kulia. Mzee mmoja alikunywa dozi ya pili ili inyamaze. Walimwahi, akalazwa, akapona, lakini daktari wa zahanati alikuja ofisini mwenyewe na maneno aliyoyasema hayakuhitaji kipaza sauti.

Asubuhi iliyofuata wifi aliwaita wote. Akapanga simu bandia ukutani, akaanza kukuza maandishi taratibu, na kila mmoja akakiona kitufe kikizama hadi kikapotea. Kazi yenyewe haikumchukua muda wa kunywa kikombe cha chai.

"Simu zako zote kabatini," akasema, "maandishi yake ni ya ukubwa gani?"

Bi Nyufa alitupa jicho kabatini. Yalikuwa ya ukubwa ambao simu zilitoka nao dukani. Macho yake yalikuwa mazima, na hakuwahi kufikiria macho ya mwingine. Alikuwa amekosea, alijua kwamba amekosea, na kujua huko hakukumfanya mpole hata kidogo. Alimwangalia wifi yake akifunga kabati, akitoa ufunguo, akiwaagiza watu wawili walisukume hadi stoo kule nyuma ya choo. Magurudumu yalilia njia nzima.

Tangu siku hiyo akawa anaandika majaribio ya simu bandia kama alivyoagizwa. Aliyaandika vizuri, kwa sababu kuandika vibaya kungempa wifi raha. Mara moja tu alifungua kinywa.

"Hizi simu zako hazilali," akasema. "Simu za bei nafuu ukiziacha mezani huzima kila kilichomo ili zibane chaji. Zinaweza kuizima na kengele."

"Ulishapewa nafasi ya kujua mengi," wifi akamjibu bila kuinua kichwa. "Ukaitumia kumnywesha mzee wa watu dawa mara mbili."

Toleo la pili likapita majaribio yote. Ukuta mzima ulikuwa alama za kijani.

Nyumbani kwa Bi Nyufa na mumewe aliishi pia mama mkwe, mshonaji aliyestaafu, mwenye presha na ulimi usiostaafu. Jumapili wifi akaja. Alimpita mwenye nyumba pale mlangoni kama anayepita kiti, akaketi kitandani kwa mama yake, akachukua simu ya mama, moja ya hizo hizo za bei nafuu, akaitia ile programu.

"Sasa mama hutamtegemea mtu," akasema, kwa sauti ya kufika jikoni.

Siku za mwanzo simu ililia vizuri. Mama mkwe alikuwa na mtoto mpya. Alishinda akiipapasa, akiwaonyesha majirani, akiirudisha kengele nyuma ili aisikie tena. Baadaye akaizoea, akawa anaiacha juu ya cherehani yake ya zamani hadi apigiwe. Asubuhi moja Bi Nyufa alikuwa anachana nywele ajiandae kutoka, akatupa jicho kwenye saa ya ukutani. Wakati wa dawa ulikuwa umepita. Simu ilikuwa kimya juu ya cherehani.

Alisimama na kitana mkononi. Alichokisikia moyoni kwanza, na hapa hakuna haja ya kumpamba, kilikuwa furaha. Akaenda akachukua dawa na maji, akampa mama mkwe, hakusema neno.

Siku iliyofuata hivyo hivyo. Na iliyofuata. Mpango wake ulikuwa wa kusubiri. Malalamiko yatakuja kutoka zahanati, wifi atasimama mbele ya ukuta wake wa kijani hana la kusema, na hapo Bi Nyufa atainuka na kuwakumbusha watu nani alisema nini kuhusu simu zisizolala. Alikuwa ameshayapanga maneno yenyewe. Aliyarudia akiwa anaoga. Kwamba mjini kulikuwa na wagonjwa wengine wenye simu kama hizo, wasio na mkwe wa kuwapa dawa mkononi, alilijua pia. Alilisukuma pembeni kama mtu anavyosukuma kiatu kwa mguu gizani.

Huenda angechoka na kusema, kama mama mkwe asingemwanza. Asubuhi moja bibi alizitazama zile tembe kwenye kiganja cha mkwewe, akasema, "Usijisumbue. Simu ya mwanangu inanitosha. Wewe unanipa dawa kama mtu anayewatupia kuku mahindi."

Bi Nyufa akazirudisha tembe kwenye kichupa, akafunga kifuniko mpaka kikalia.

"Sawa, mama. Ikukumbushe."

Jioni mumewe aliuliza kama mama amekunywa dawa. "Ana simu ya dada yako," akajibiwa. Fundi wa lifti aliisikia sauti hiyo akajua kuna moto, akanawa mikono, akaenda kutazama mpira kwa jirani. Ndivyo alivyokuwa. Baina ya mke na dada alikwama muda mrefu kama lifti kati ya ghorofa mbili, na watu wote wawili wakibonyeza vitufe.

Bibi siku nyingine alikumbuka mwenyewe, siku nyingine alikunywa jioni dawa ya asubuhi, siku nyingine hakunywa kabisa. Mwisho wa wiki hiyo, katikati ya asubuhi, jirani mwenye duka la vitambaa alipita kumsalimu akamkuta sakafuni jikoni, mdomo umevutwa upande mmoja, anajaribu kuuliza mbona sufuria inachelewa kuchemka.

Hospitalini Bi Nyufa alifika wa kwanza, kisha mumewe na ovaroli yake, kisha wifi, kitambulisho cha ofisi bado kinaning'inia shingoni. Daktari akauliza kama mgonjwa alikuwa anafuata dawa.

"Anakumbushwa na simu," wifi akasema. "Nimeiweka mimi mwenyewe."

Akaitoa simu kwenye mkoba wa mama yake, akaifungua programu ili amwonyeshe. Simu ikazinduka. Ikalia kengele ya jana. Akaizima. Ikalia ya juzi. Akaizima, ikaja nyingine, na nyingine nyuma yake, siku zote zilizokuwa zimelala zikaamka pamoja zikidai dawa zao. Muuguzi akasema, "Dada, zima hiyo, kuna wagonjwa hapa." Alikuwa anabonyeza kwa vidole viwili na bado zinakuja. Ziliponyamaza, daktari alikuwa ameshaangalia pembeni.

Wifi akageuka.

"Unaishi naye nyumba moja. Hukusikia kwamba hii kitu hailii?"

"Nilikuambia simu zako hazilali."

"Uliniambia habari za simu. Nakuuliza habari za mama yangu."

Bi Nyufa aliyatafuta yale maneno aliyokuwa akiyarudia bafuni. Yote yalikuwepo, hakuna hata moja lililofaa kusemwa pale.

Kitandani mama mkwe akaongea, ulimi mzito, maneno yakimtoka moja moja.

"Alijua. Simu kimya, yeye ananipa. Nikadhani ananiwahi makusudi, simu isipate nafasi ya kulia." Akapumzika. "Kumbe. Nyinyi wawili mmenifanya mimi ndiyo simu ya majaribio. Mmoja kanitia programu yake. Mwingine kakaa pembeni anatazama nitaharibika lini."

Fundi wa lifti, aliyekuwa ameegemea mlango, akasimama sawasawa. "Tokeni nje," akasema. Dada yake akadhani anaambiwa mkewe. "Wewe pia. Tokeni wote wawili."

Kwenye ujia walisimama kila mmoja ukutani kwake, machela zikipita katikati.

"Ningekuwa na uwezo," wifi akasema, "ningekufukuza kazini na kwenye ukoo kwa siku moja."

"Kazini uwezo unao."

"Ninao. Na nitautumia."

"Utumie. Lakini kuna wengine." Bi Nyufa alisema hivyo akitazama sakafu. "Wagonjwa wengine wenye simu kama ya mama. Zimelala sasa hivi tunavyobishana."

Wifi akamgeukia. Chuki ilikuwa pale pale, haikupungua hata chembe; lakini alikuwa mtu anayeijua kazi yake, na alielewa. Alikwenda kwenye ngazi bila kumwambia nifuate. Bi Nyufa akafuata. Walirudi ofisini kwa gari moja, kila mmoja na dirisha lake.

Kabati likatolewa stoo. Walizichaji simu zote, wakazitia programu, wakaziweka mezani, kisha wakakaa kusubiri zilale. Ni kazi ya ajabu kukaa chumba kimoja na mtu unayemchukia, hamtakiwi kugusa chochote, mnasubiri tu. Feni ilizunguka. Vijana wa programu walichungulia mlangoni wakarudi kwa ncha za vidole. Saa ya dawa waliyoitega ilipofika, simu za gharama zililia. Zile za bei nafuu hazikulia hata moja. Kwenye kompyuta ya wifi, simu bandia zote zililia kwa pamoja, kwa furaha kabisa.

Alizizima. Akavuta simu ya mezani, akampigia daktari wa zahanati, akamweleza bila kujitetea, na hapo Bi Nyufa alimwonea wivu, maana yeye asingeweza. Wakaanza kuwapigia wagonjwa wenyewe. Wengine walishukuru. Wengine waliwatukana mpaka mate yakasikika kwenye waya. Mke wa mgonjwa mmoja alisema mumewe amelazwa tangu jana, akauliza wao ni nani na walijuaje. Swali hilo lilikuwa la Bi Nyufa kulijibu. Alijibu, kisha akakaa na mkono wa simu sikioni wakati upande wa pili umeshakata.

Waandishi wa programu wakairekebisha. Sasa iliomba ruhusa ya kutozimwa, na mgonjwa asipobonyeza *Nimekunywa*, zahanati inamtumia ujumbe wa kawaida, na asipojibu anapigiwa na binadamu. Wifi akaipima kwa simu bandia, maandishi madogo na makubwa, matoleo mapya na makongwe. Bi Nyufa akaipima kwa zile zilizopasuka. Kila mmoja alipata kasoro, na kila mmoja aliitangaza ya mwenzake kwa sauti kubwa kidogo kuliko ilivyohitajika.

Kwenye kikao cha mkurugenzi hakuna aliyemuuliza Bi Nyufa alijua lini. Alisema mwenyewe. Alisema aliiona simu ikiwa kimya nyumbani kwake, akanyamaza, na kwamba alinyamaza kwa sababu alitaka mtu fulani aaibike. Vijana waliangalia meza. Ule utani wa wifi na nenosiri ulikufa siku hiyo, na hakuna aliyeujaribu tena. Mkurugenzi akasema hana budi kumwachisha kazi.

"Abaki," wifi akasema.

Walipotoka akamshika kiwiko, vidole vikaingia.

"Usinishukuru. Nikikufukuza utakaa nyumbani, na ndugu yangu atakuonea huruma. Hapa nitakuona kila siku, na wewe utaniona."

"Sikukusudia kukushukuru," Bi Nyufa akasema, akautoa mkono wake.

Ikawa sheria: hakuna toleo linalotoka bila kupita pande zote mbili. Simu bandia kwanza, kwa sababu ni nyingi na hazichoki, zinachuja makosa ya wazi kwa haraka. Simu za kabatini mwishoni, kwa sababu ndizo zinazolala, zinazopata moto na zinazoishiwa chaji. Ukiwauliza watu wa kazi hiyo kokote watakwambia hivyo hivyo. Ila pale ofisini sheria hiyo haikushikwa na busara, ilishikwa na uadui. Wifi hakuruhusu kasoro impite ikamfikie Bi Nyufa, na Bi Nyufa alipekua kila kilichopitishwa na wifi kama mtu anayetafuta mwiba kwenye samaki aliopewa na adui. Kazi zao zikasifika. Mgeni mmoja alimuuliza mkurugenzi siri ni nini, naye akasema ni ushirikiano. Vijana walijifanya wanakohoa.

Mama mkwe alitoka hospitali na mkono wa kulia usioshika sindano. Alikataa nyumba ya mwanawe na alikataa ya bintiye, akaenda kwa mdogo wake, mjane aliyeishi peke yake. Fundi wa lifti alikwenda kumwona kila mwisho wa wiki, na alikwenda peke yake. Kwa mkewe hakuwa mkali. Alimwitikia akiongea, alileta mahitaji ya nyumbani, alirekebisha bomba lililovuja. Lakini kuna mlango aliufunga ndani yake, na kwa mtu ambaye kazi yake ni kufungua milango iliyokwama, huo hakuugusa.

Siku moja Bi Nyufa alikwenda bila kumwambia mtu. Alimkuta mama mkwe barazani, kikapu cha vipande vya vitambaa mapajani, anavichambua kwa mkono wa kushoto.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akamtazama. "Mwanangu yuko wapi?"

"Kazini. Nimekuja mwenyewe. Nimekuja kuomba radhi."

Bibi aliendelea kuchambua, vyeupe huku, vya maua kule.

"Nimekusamehe," akasema hatimaye. "Nimekusamehe kwa sababu nimechoka, si kwa sababu umestahili. Yule mwingine naye nilimwambia hivyo hivyo, akalia. Wewe usilie, huna sura ya kulia."

"Silii, mama."

"Haya. Nipe hicho cha kijani kimeanguka."

Aliinama akakiokota, akampa. Alikaa mpaka chai ikaisha, wakaongea habari za mvua na za jirani mwenye duka. Alipoinuka kuaga, bibi akamwambia asije kila wiki, aje akiitwa. Alirudi nyumbani kwa miguu, njia ndefu. Mumewe alikuwa amesharudi, anapasha chakula. Akamuuliza ametoka wapi, akamwambia. Akauliza mama anaendeleaje.

"Mkono wa kulia bado," Bi Nyufa akasema. "Wa kushoto unafanya kazi zote."

Mumewe akaitikia kwa kichwa, akapakua sahani mbili, na wakala.